Alteneta, Uga na Ethi: Historia Fupi ya Maneno ya Umeme katika Ndege za Kujiundia

Msomaji huenda akashangaa kuona jarida la istilahi likitoa kurasa zake kwa habari za nyaya za alteneta katika ndege ndogo ambazo watu binafsi huziunda huko Marekani. Atauliza, na ana haki ya kuuliza, jambo hilo linatuhusu nini sisi wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Tunajibu kwamba vifaa vyenyewe si vigeni kwetu hata kidogo. Ni vile vile vilivyomo katika basi la abiria, lori la pamba na trekta la shamba: betri, alteneta, rigyuleta, fyuzi na nyaya zinazoviunganisha. Tofauti iko mahali pamoja tu. Dereva ambaye alteneta yake imekufa huliegesha gari kando ya barabara akamtafuta fundi. Rubani hana kando ya barabara. Kwa hiyo waundaji wa ndege hizo wamelazimika, kwa zaidi ya nusu karne, kuyachekecha maneno yao mpaka kila neno libebe maana moja, na pale waliposhindwa kufanya hivyo makosa yalijitokeza katika nyaya zenyewe. Kwa mtu wa istilahi, hiyo ni maabara ambayo hatuwezi kuipata kwingine.

Tuanze na jina la chombo. Mfasiri mwenye haraka huandika "ndege iliyojengwa nyumbani", na tafsiri hiyo ina walakini mara mbili. Kwanza, Kiswahili hujenga nyumba, ukuta na daraja. Chombo cha safari huundwa. Watu wa mwambao wameunda majahazi na mashua kwa karne nyingi, na kitenzi hicho kimekaa tayari kuipokea ndege, kama vile neno rubani, lililokuwa la mwelekezaji wa chombo cha baharini, lilivyompokea mwendesha ndege, na neno usukani nalo likafuata. Pili, neno nyumbani linapotosha. Ndege nyingi za aina hii humaliziwa katika mabanda ya viwanja vya ndege, wala sheria haijali mahali. Sheria ya Marekani hudai tu kwamba sehemu kubwa ya ndege iwe imeundwa na kuunganishwa na mtu au watu walioifanya kazi hiyo kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Suala ni nani aliyeunda na kwa nia gani. Hapa viwanja vya michezo vimekwisha kutupa neno: wachezaji wasiolipwa ni wachezaji wa ridhaa. Basi hawa ni waundaji wa ridhaa, na vyombo vyao ni ndege za kujiundia. Tunaona kwamba maneno haya mawili yanatosha, na hatuoni sababu ya kutafuta mengine.

Harakati yenyewe ina miaka mingi. Huko Ufaransa, Henri Mignet alirusha ndege yake ndogo iliyojulikana kama Pou-du-Ciel mwaka 1933, na maelezo aliyoyachapisha mwaka uliofuata yaliwafanya watu wengi wa Ulaya washike randa na gundi. Nchini Marekani, Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha Experimental Aircraft Association huko Milwaukee mwezi Januari 1953, na tangu 1970 mkutano mkuu wa kila mwaka wa chama hicho umekuwa ukifanyika Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin. Richard VanGrunsven alirusha ndege yake ya RV-3 mwaka 1971, na ndege za ukoo huo zilizokwisha kuruka sasa zimepita 10,000. Burt Rutan naye alileta VariEze mwaka 1975, ndege ya povu gumu na nyuzi za kioo iliyobeba mkia wake mbele. Tutairudia ndege hii ya kioo, kwa maana imelitia neno moja matatani.

Jambo la kukumbuka ni kwamba ndege ya kiwandani huja na mchoro mmoja wa umeme unaofanana kwa ndege zote za aina yake, na fundi aliyeko popote aweza kuusoma. Ndege ya kujiundia huwa na mchoro wa mwenyewe. Majirani wawili waliounda RV za aina moja huweza kuwa na mifumo miwili ya kuchaji isiyofanana, mmoja akiwa ametumia alteneta ya gari aliyoinunua kwenye vipuri vilivyotumika, mwingine akiwa amenunua ya ndege. Kwa hiyo mwenye hitilafu anapoomba ushauri kwa barua au katika mkutano wa tawi la chama, anayemshauri haoni nyaya. Huona maneno tu. Ushauri wote umesimama juu ya maneno.

Sasa tuingie katika umeme. Ndege ya Wright ya tarehe 17 Desemba 1903 haikuwa na mfumo wa kuchaji. Injini yake iliwashwa kwa msaada wa betri kavu na koili vilivyobaki chini, na ilipokuwa ikiruka cheche zilitoka katika magneto iliyozungushwa na injini yenyewe. Desturi hiyo ikadumu. Hadi leo injini nyingi za ndege ndogo zina magneto mbili, kila moja ikihudumia plagi zake, na hizi hazitegemei betri wala alteneta. Ndiyo maana rubani wa zamani aliweza kusema kwa utulivu kwamba umeme umekufa, akaendelea na safari yake. Ndege nyingi za mwanzo za waundaji wa ridhaa hazikuwa na umeme mwingine wowote. Mtu alishika rafadha kwa mikono na kuizungusha mpaka injini iitike. Neno magneto tumelipokea lilivyo, na tunashauri libaki hivyo, kwa sababu kuiita "sumaku" kungemfanya mwanafunzi adhani ni kipande cha chuma kinachovuta misumari, hali ni mashine nzima.

Betri ilipoingia ilikuja na historia yake. Mwaka 1749 Benjamin Franklin aliziunganisha chupa za kuhifadhi umeme akaliita kundi hilo kwa jina la kikosi cha mizinga inayopigwa pamoja. Alessandro Volta alitengeneza rundo lake la sahani mwaka 1800, na Gaston Planté akaleta betri ya risasi na asidi mwaka 1859, ambayo yaweza kujazwa tena ikiisha. Waswahili hawakuuona mzinga ndani ya neno hilo. Walilipokea kama betri na kulitumia. Hatukuhitaji kuijua mizinga ya Franklin ili tuwashe tochi. Tunaligusia hili kwa sababu wapo wenzetu wanaodai kwamba kila istilahi lazima ionyeshe maana yake usoni. Betri haionyeshi maana yoyote, lakini hakuna aliyepata kuikosea.

Kisha likaja dainamo. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nguvu, na lilishika mizizi baada ya 1867, mwaka ambao Werner Siemens alieleza jinsi mashine inavyoweza kutumia sehemu ya umeme wake yenyewe kuikuza sumaku yake. Mswahili alilijua dainamo kwanza kwenye gurudumu la baiskeli, likisugua mpira na kuwasha taa. Katika ndege za miaka ya 1940 na 1950 lilikuwa dainamo la kufungwa kwenye injini, lenye hasara moja iliyowasumbua marubani wote: injini ikizunguka polepole halitoi kitu cha maana, na ndege inayosubiri zamu yake uwanjani usiku, taa na redio zikiwa zimewashwa, huila betri yake yenyewe. Katika miaka ya 1960 daiodi za silikoni zilipokuwa rahisi kupatikana, ndipo ilipowezekana kuiweka katika magari mashine inayozalisha mkondo geu na kuunyoosha humo humo ndani. Kampuni ya Chrysler iliifunga katika gari lake la Valiant la 1960, na ndege ndogo zikafuata katika mwongo huo huo. Hiyo ndiyo alteneta.

Je, tuiite nini? Shina lake la Kilatini lina maana ya kupokezana, kwa kuwa mkondo hupokezana kwenda na kurudi. Kwa mantiki hiyo mtu angeweza kuunda "kipokezanishi", na lugha ingemruhusu. Sisi hatukubaliani nalo. Gereji zote kutoka Mombasa hadi Mbeya husema alteneta, na fundi anayefundishwa neno moja darasani na jingine chini ya boneti hulitupa lile la darasani jioni hiyo hiyo. La maana zaidi ni kwamba alteneta na dainamo zisichanganywe chini ya jina moja la jumla kama "kizalishaumeme", maana hitilafu zake hazitafutwi kwa njia moja. Dainamo hubakiza usumaku kidogo katika chuma chake na huweza kujianzisha lenyewe. Usumaku huo ukipotea au ukigeuka, fundi huurejesha kwa kuligusisha na betri kwa nukta moja. Alteneta ya kawaida huhitaji umeme wa betri uingie kwanza ndani yake ndipo iamke. Betri ikiwa imekufa kabisa, hata injini ikizungushwa kwa mkono na kuwaka, alteneta yaweza kukaa kimya kama mtungi. Anayesoma mwongozo uliotafsiriwa kwa neno moja atatafuta ugonjwa usiokuwapo.

Umeme huo wa kuiamsha alteneta huingia kwa njia nyembamba ambayo ndiyo moyo wa habari yetu. Kutoka kwenye pau la umeme hupita katika fyuzi au kikata-umeme, aghalabu cha ampea 5, ukaja kwenye swichi ya rubani, kisha kwenye rigyuleta, kisha kwenye ncha iliyopigwa herufi F nyuma ya alteneta, ukashuka kwa brashi mbili juu ya pete mbili zinazozunguka, ukaingia katika koili ya rota na kuifanya sumaku. Herufi F ni ya neno la Kiingereza ambalo kwa watu wa kawaida lina maana ya shamba au uwanja. Katika kazi ya ndege, neno hilo hilo humaanisha pia kiwanja cha kutulia. Mtu aweza kutafsiri onyo la kukagua waya wa alteneta likasomeka kana kwamba rubani ametumwa akakague kiwanja. Waandishi wa sayansi wametuokoa kwa neno uga, ambalo asili yake ni uwanja wa mbele ya nyumba, lakini leo katika fizikia limekwisha kuwa eneo ambamo nguvu ya sumaku au ya umeme husikika. Tunapendekeza koili ya uga, waya wa uga, na ncha ya uga. Faida yake ni kwamba neno uga halitumiki kwa kiwanja cha ndege, na kwa hiyo halitagongana na chochote katika sentensi ile ile.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya kazi ya kutafuta hitilafu. Kiingereza kina neno lililozaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mafundi wa simu na telegrafu waliotumwa kuifuata njia ya waya mpaka waione sehemu iliyoharibika. Neno hilo siku hizi hutafsiriwa "utatuzi wa matatizo", na wafasiri wa ofisini wamelizoea. Lakini yule mtu wa telegrafu hakutumwa kutatua, alitumwa kutafuta. Kukata waya mbovu na kuunga mzima ni kazi ya dakika chache. Kuujua ni upi ndiyo kazi ya siku nzima. Mafundi wetu wamelihifadhi jambo hili vizuri kuliko sisi, kwa maana wao husema gari lina ugonjwa wa umeme, na kwamba wanautafuta ugonjwa. Kwa maandishi rasmi tungeridhika na utafutaji wa hitilafu.

Tuchukue mfano mmoja wa kawaida ili maneno yaonekane yakifanya kazi. Taa ya onyo la volteji ndogo imewaka. Katika ndege yenye betri ya volti 12, alteneta nzima huliweka pau la umeme katika volti 14 na kitu. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.7, na kwa hiyo waundaji wengi huiweka taa hiyo iwake volteji ikishuka chini ya 13. Mwundaji asiyefuata utaratibu huinunua alteneta mpya siku hiyo hiyo. Hali haibadiliki, akanunua rigyuleta, nayo haibadiliki. Anayefuata utaratibu hukaa chini na mita ya shilingi chache. Injini ikiwa imezimwa na swichi zikiwa wazi kwa umeme, huigusa ncha ya uga. Akikuta pale volteji inayokaribia ile ya betri, basi njia yote kuanzia kwenye pau hadi kwenye rigyuleta inapitisha, na shaka huhamia ndani ya alteneta, kwenye brashi zilizolika au pete zilizochafuka. Asipokuta kitu, hurudi nyuma hatua moja moja: rigyuleta, swichi, kikata-umeme, mpaka aufikie upande wenye umeme. Kati ya sehemu ya mwisho yenye umeme na ya kwanza isiyo nao ndipo ugonjwa ulipo. Mara nyingi si kifaa chochote cha fedha nyingi. Ni ncha ya waya iliyobanwa vibaya na koleo, ikatikiswa na injini kwa saa mia kadhaa mpaka nyuzi za shaba zikakatika ndani ya ala yake, kwa nje ikionekana nzima.

Iko hitilafu nyingine ya njia hii ambayo ni ya hila zaidi. Katika mifumo mingi ya zamani, rigyuleta huipima volteji ya pau kupitia waya ule ule unaoupeleka umeme wa uga. Swichi ikizeeka na kuota ukinzani, rigyuleta huona volteji pungufu kuliko ilivyo kwenye pau, ikadhani betri ina njaa, ikaongeza. Ikiongeza, umeme mwingi zaidi hupita katika swichi mbovu, na upotevu nao huongezeka. Matokeo yake sindano ya ampmita hucheza mbele na nyuma na taa hupepesa, hali alteneta, rigyuleta na betri vyote ni vizima. Mfasiri akiandika hapa kwamba "volteji imeshuka" bila kusema imeshukia wapi, ameifuta maana yote. Tunashauri yatofautishwe maneno mawili: upungufu wa volteji, ambao ni wa mfumo mzima, na upotevu wa volteji, ambao ni wa sehemu fulani ya njia, kutoka ncha hii hadi ncha ile.

Ampmita nayo ina mtego wake. Ziko mbili zenye jina moja. Ya kwanza hufungwa kwenye waya wa betri, sifuri yake iko katikati, nayo husema kama betri inapokea au inatoa. Ya pili hufungwa kwenye mdomo wa alteneta, sifuri yake iko pembeni, nayo husema alteneta inabeba mzigo kiasi gani. Sindano ikisimama kwenye sifuri katika ile ya kwanza, betri imejaa na mambo ni mema. Ikisimama kwenye sifuri katika ile ya pili, alteneta imekufa. Kitabu kinachosema tu "ikiwa ampmita inaonyesha sifuri" hakijasema kitu, au kimesema mambo mawili yanayopingana. Kwa maoni yetu, ampmita ya betri na ampmita ya mzigo ni lazima ziwe istilahi mbili kamili, wala neno ampmita lisiachwe peke yake katika maelekezo yoyote ya kutafuta hitilafu.

Tuliahidi kuirudia ndege ya kioo. Umeme hutoka betri kwa njia moja na hurudi kwa nyingine. Katika gari, njia ya kurudia ni chuma cha gari lenyewe, na mafundi wetu huiita ethi au bodi. Neno ethi ni lile la ardhi katika Kiingereza cha Uingereza, na vitabu vyetu vya shule vimelitafsiri kama ardhi, jambo ambalo lafaa kabisa kwa nguzo ya umeme iliyochimbiwa. Katika ndege iliyoko futi 8,000 juu ya ardhi, neno hilo lina kichekesho, lakini halileti madhara maadamu ndege ni ya alumini. Ndege za Rutan za kuanzia 1975 ndizo zilizolifichua tatizo, na za mbao zilikuwa hivyo hivyo kabla yake. Povu na nyuzi za kioo havipitishi umeme. Mtu akiifunga taa kwenye bodi ya ndege hiyo kwa mazoea ya gari, taa haitawaka kamwe, kwani hakuna bodi kwa maana ya umeme. Waundaji wakalazimika kupitisha waya wa pili kwa kila kifaa na kuzikusanya nyaya zote za kurudia mahali pamoja. Hata wenye ndege za alumini wengi wakaiga, wakiona kwamba kelele za alteneta katika redio hupungua. Kwa Kiswahili tunapendelea waya wa kurudia na kituo cha kurudia. Maneno hayo husema kazi inayofanyika, nayo ni kweli katika gari, ndege ya alumini, ndege ya kioo, na hata katika seti ya umeme wa jua iliyoko juu ya paa la nyasi.

Kadhalika kuna neno la gereji ambalo hatuwezi kulipokea katika ndege hata kidogo, ingawa tunalipenda. Mafundi wetu huuita umeme moto. Betri haina moto, alteneta haitoi moto, waya huu una moto. Ni usemi hai, na katika gari haumdanganyi mtu. Lakini katika chumba cha rubani neno moto lina maana moja tu, na anayelisikia ana hatua zake za kuchukua: kufunga mafuta, kuzima swichi kuu, kutafuta mahali pa kutua. Katika maandishi ya ndege tuseme umeme, mkondo au volteji kadiri inavyohusika, na moto tuuache uwe moto.

Lile pau la umeme tulilolitaja mara kadhaa lina hadithi yake. Ni kipande cha shaba ambacho kwacho vifaa vyote huchota umeme. Wahandisi wa karne ya 19 waliliita kwa neno la Kilatini "omnibus", yaani kwa wote, neno lile lile lililokuwa limepewa gari la abiria la mjini. Waingereza wakalikata wakabakiza silabi ya mwisho, na silabi hiyo ndiyo iliyotufikia kama basi. Mtu akitafsiri kijuujuu ataandika kwamba redio ya ndege imefungwa kwenye basi. Pau la umeme latosha, na pau ni neno ambalo kila seremala analijua.

Lakini fundisho kubwa liko katika majina ya mapau. Waundaji wa ridhaa walibuni pau la pili, dogo, ambalo rubani huweza kulilisha moja kwa moja kutoka betri alteneta inapokufa, akaliacha lile kubwa lizimike pamoja na rilei yake inayokula umeme bure. Mwanzoni pau hilo liliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vitu vya lazima. Kila mwundaji akajiuliza ni kipi kilicho cha lazima kwake, na kila kitu kikaonekana cha lazima: redio mbili, taa zote, kipasha joto. Robert Nuckolls, mwandishi wa kitabu cha The AeroElectric Connection kinachojulikana sana na waundaji hao, alilibadilisha jina likawa lenye maana ya ustahimilivu. Swali likabadilika papo hapo. Haikuwa tena ni nini ninachokihitaji. Ilikuwa ni kwa muda gani nitastahimili. Betri ndogo ya ampea-saa 17 ikiwa mpya na imejaa, kwa hesabu ya karatasi humudu ampea 17 kwa saa moja, au ampea 4 kwa saa nne na kitu. Jina jipya lilizishusha redio za ziada kutoka katika pau bila sheria yoyote kutungwa. Kwa hiyo katika Kiswahili tunapendekeza pau la ustahimilivu, na tunawasihi wafasiri wasilirudie lile la lazima kwa sababu tu limo katika michoro ya zamani.

Haja ya jambo hili imezidi kukua. Tangu miaka ya 2000, vyombo vya rubani katika ndege hizi vimekuwa vioo vya elektroniki badala ya saa za sindano zilizoendeshwa na pampu ya ombwe, na waundaji wengi wameziondoa magneto na kuweka mifumo ya cheche ya elektroniki. Injini ya Rotax 912 iS, iliyotangazwa mwaka 2012, huingiza mafuta kwa amri ya kompyuta, na kwa hiyo imewekewa vizalishaumeme viwili ndani yake. Kwa ndege za namna hiyo ile kauli ya rubani wa zamani kwamba umeme umekufa na safari inaendelea haina maana tena.

Kinyume cha upungufu ni wingi. Rigyuleta ikiharibika kwa upande wa pili huifungulia koili ya uga umeme wote, na volteji hupanda kupita kiasi ambacho redio na betri vyaweza kustahimili. Waundaji waliozitumia alteneta za magari zenye rigyuleta ndani waligundua kwamba katika baadhi yake swichi ya rubani haiwezi kuizima alteneta iliyokwisha kupagawa. Kinga iliyopendwa zaidi, kwa alteneta zenye rigyuleta ya nje, ni kifaa kinachoipima volteji na, ikipita takriban 16, huupiga shoti kwa makusudi waya unaoilisha koili ya uga, kikata-umeme kikajikata na alteneta ikanyamaza. Wamarekani wamekiita kwa jina la chuma cha kuvunjia mawe, kutokana na picha ya mtu anayetupa chuma hicho juu ya pau mbili zenye umeme. Sisi tunacho chuma hicho na jina lake ni mtaimbo. Kinga ya mtaimbo ni istilahi tunayoiunga mkono bila kusita: picha ni ile ile, mtaimbo unajulikana bara na pwani, na mwanafunzi akishaisikia mara moja hataisahau kwamba kifaa hicho huokoa kwa kupiga shoti.

Limebaki neno moja ambalo bado tunavutana juu yake. Alteneta ikishakufa, rubani huzima kifaa kimoja baada ya kingine ili betri imfikishe. Kiingereza hukiita kitendo hicho kwa maneno yale yale yanayotumiwa na mashirika ya umeme yanapozikatia mitaa umeme kwa zamu, na kwetu kila mtu aliyewahi kukaa gizani anayajua kama mgao. Wenzetu wengine wanasema kwamba neno limeshaingia katika vinywa vya watu na lisikataliwe. Tunaona mgao unahusu kugawana kichache baina ya wengi, kila mmoja akipata zamu yake, lakini rubani hamgawii mtu. Huzima redio ya pili na haiwashi tena mpaka magurudumu yaguse ardhi. Kwa sasa tumeandika kupunguza mzigo, na tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa vyuo vya ufundi ni lipi kati ya hayo mawili wanafunzi wao hulielewa bila kuelezwa.